Mkono Uko Wapi? Jinsi Michezo ya Televisheni Inavyohisi Mwendo wa Mchezaji

Katika usiku wa giza, mtu aliyesimama ufukoni Musoma huona taa za wavuvi wa dagaa zikimetameta juu ya Ziwa Victoria. Mitumbwi yenyewe haionekani. Kinachoonekana ni mianga tu. Hata hivyo mtazamaji aweza kusema kwamba mwanga huu umesogea kulia, na ule umetulia. Mvuvi naye, akirudi nchi kavu, huzitazama taa za mji, na kwa kuzilinganisha hujua aelekeze wapi chombo chake. Wote wawili wanatafuta jambo moja, yaani mahali ulipo mtumbwi. Tofauti yao ni kwamba mmoja hutazama kutoka nchi kavu na mwingine kutoka majini.

Swali hilohilo liliwakabili watengenezaji wa mashine za michezo ya televisheni. Kwa miaka mingi mchezaji alikaa kitini akibonyeza vitufe vya kifaa cha mkononi, ambacho vijana wetu hukiita pedi. Kati ya mwaka 2006 na 2010 makampuni matatu yalileta vyombo vya namna nyingine: mchezaji asimame, atupe mkono kama anayepiga mpira, na mashine ifuate mwendo wake. Ili kufanya hivyo, mashine yapaswa kujua kila mara mkono uko wapi, umeelekea upande gani na unakwenda kwa kasi gani. Makampuni hayo hayakutoa jibu moja, na tofauti ya majibu yao ni somo zuri la fizikia.

Abiria aliyefumba macho

Mfano wa kwanza ni abiria aliyepanda basi Musoma kwenda Bunda, naye amefumba macho. Basi linapoondoka, mgongo wake hukandamizwa kitini. Dereva akifunga breki, mwili huenda mbele. Dereva akikata kona ghafla, mwili huegemea upande wa pili. Lakini barabara ikinyooka na mwendo usipobadilika, abiria hahisi kitu, hata kama gari linakwenda kasi. Sababu yake ilielezwa na Isaac Newton mwaka 1687: mwili hauhitaji kani ili kuendelea na mwendo wake, kani huhitajika ili kuubadili mwendo huo. Badiliko hilo la mwendo kwa kila sekunde ndilo huitwa mchapuko.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa mashine yake ya Wii mwezi Novemba 2006, iliweka ndani ya kifaa cha mkononi kipima-mchapuko kidogo sana. Humo kipande cha silikoni kimening'inizwa kwa springi nyembamba. Mkono ukikirusha kifaa, kipande hicho hubaki nyuma kidogo kama abiria wa basi, na kule kubaki nyuma hupimwa kwa umeme. Hata kifaa kikilala mezani kimetulia, kipande huvutwa na dunia. Kwa hiyo kifaa kikitulia hujua chini ni wapi.

Je, kipimo hicho chatosha kuonyesha mahali pa mkono? Hesabu yajibu kwamba hakitoshi. Ili kupata umbali, mashine hukokotoa kutoka mchapuko hadi kasi, na kutoka kasi hadi umbali. Chukua kosa dogo la mita 0.1 kwa sekunde ya mraba. Baada ya sekunde 1 mashine imepotea kwa sentimita 5. Baada ya sekunde 10, kwa mita 5. Baada ya dakika moja, kwa mita 180. Kosa hukua kwa mraba wa muda. Mchezaji angali sebuleni, nayo mashine yadhani amekwisha toka nje ya ua.

Mwaka 2009 Nintendo iliongeza kipima-mzunguko, ambacho huhisi jinsi kifaa kinavyogeuka. Hicho nacho hupotea polepole. Kosa la kuinama husahihishwa kwa mvutano wa dunia, lakini mvutano huo hausemi kitu kuhusu kugeuka kushoto au kulia. Anayefumba macho lazima ayafumbue mara kwa mara.

Taa na jicho

Chini ya televisheni ya Wii huwekwa kijiti cheusi, na wengi hudhani kwamba kijiti hicho ndicho kinachomwona mchezaji. Sivyo. Kijiti hakihisi kitu chochote. Kina taa tu, mafungu mawili, zinazotoa miale ya infraredi ambayo jicho la binadamu haliioni. Jicho la kamera limo katika ncha ya kifaa cha mkononi. Mishumaa miwili iliyowashwa yaweza kushika nafasi ya kijiti hicho, kwa kuwa nayo hutoa miale ya infraredi.

Hapa kifaa ni sawa na mvuvi anayezitazama taa mbili za mji. Taa zikionekana kukaribiana, yuko mbali. Zikionekana kuachana, amekaribia. Mstari wake ukiinama, kifaa kimeinamishwa. Udhaifu wa njia hii ni kwamba mvuvi akiupa mji kisogo haoni taa. Vivyo hivyo, mchezaji akielekeza mkono kwingine, mashine hubaki na kuhisi tu.

Kampuni ya Sony, nayo ya Japani, iligeuza mpango huo katika chombo chake kiitwacho Move, kilichotoka Septemba 2010. Taa iliwekwa mkononi mwa mchezaji, na jicho likawekwa penye televisheni. Juu ya kifaa kuna tufe linalong'aa, lenye kipenyo cha karibu sentimita 4.5. Kamera hulitazama tufe hilo kama mtu wa ufukoni aitazamavyo taa ya mtumbwi. Mahali pake katika picha huonyesha upande, na ukubwa wake huonyesha umbali: umbali ukiongezeka maradufu, kipenyo kinachoonekana hupungua kwa nusu. Rangi ya tufe hubadilishwa ili isifanane na vitu vya chumbani. Ndani yake mna pia kipima-mchapuko, kipima-mzunguko na dira ya sumaku. Tufe likifichwa nyuma ya mgongo, vipimo hivyo huendelea kukisia kwa muda mfupi. Likionekana tena, kamera hurekebisha makosa.

Wavu wa nukta

Jibu la tatu lilitoka Marekani. Mwezi Novemba 2010 kampuni ya Microsoft ilileta chombo kiitwacho Kinect, ambacho hakimpi mchezaji kitu chochote mkononi. Chombo hiki hurusha chumbani nukta nyingi za infraredi katika mpangilio maalumu, na kamera iliyowekwa kando yake kidogo huzitazama. Mvuvi akitandaza wavu juu ya mwamba, umbo la matundu humweleza umbo la mwamba. Kinect nayo hupima jinsi kila nukta ilivyohama kutoka mahali pake pa kawaida, ikapata umbali kwa hesabu ya pembetatu. Kazi hiyo hufanyika mara 30 kwa sekunde. Kisha programu iliyofunzwa kwa mamia ya maelfu ya picha hukisia kichwa, mabega, viwiko na magoti yako wapi.

Katika chombo cha pili, cha mwaka 2013, nukta ziliachwa na muda wa safari ya mwanga ukapimwa. Mwanga huenda mita 3 na kurudi kwa sekunde 20 tu za sehemu ya bilioni.

Jua la jioni na ukubwa wa chumba

Kipi basi ni bora? Jibu hutegemea mahali. Musoma iko mashariki mwa ziwa, hivyo jua la jioni huingia katika madirisha yanayotazama maji, nalo lina miale mingi ya infraredi. Nukta za Kinect ya kwanza humezwa na mwanga huo. Kifaa cha Wii chaweza kulihesabu jua kuwa taa nyingine. Tufe la Sony hufifia. Kipima-mchapuko hakisumbuliwi na jua. Kinect pia hutaka mchezaji asimame mbali kiasi cha mita 1.2 hadi 3.5, sharti gumu katika chumba chenye kitanda na meza. Kwa kulenga shabaha, taa mbili za Wii zatosha. Kwa usahihi wa mkono, mchanganyiko wa Sony hushinda. Kwa ngoma inayotumia mwili mzima, Kinect haina mpinzani.

Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017. Wazo lililodumu ni la kuchanganya: mashine za siku hizi zinazovaliwa machoni hutumia kamera pamoja na vipimo vya kuhisi, kila kimoja kikisahihisha kingine. Simu nyingi za kisasa nazo zina kipima-mchapuko, ndiyo maana picha hugeuka simu inapolazwa.

Majaribio mawili

Mwalimu hahitaji kununua mashine hizi ili kuufundisha ukweli huu. Darasa linaposafiri kwenda Butiama kuitazama Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, mwanafunzi mmoja aning'inize nati kwa uzi ndani ya basi, na mwenzake apime pembe kwa kipimapembe wakati wa kufunga breki. Mchapuko ni 9.8 mara tanjiti ya pembe hiyo. Uzi ukiinama nyuzi 12, gari linapunguza mwendo kwa karibu mita 2.1 kwa sekunde ya mraba.

Jaribio la pili lafaa uwanja wowote wa shule, uwe Bunda au kwingineko. Mwanafunzi afungwe kitambaa machoni, atembee hatua 30 kuelekea mti, na wenzake wapime amepotea kwa mita ngapi. Kisha arudie, safari hii akifunguliwa macho kwa nukta moja kila baada ya hatua 5. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo siri ya Move.

Wala si haki kuviita vyombo hivi vya watoto tu. Mwaka 2007 mtafiti Johnny Chung Lee wa Marekani alionyesha kwamba kifaa cha Wii, kikisaidiwa na kalamu yenye taa ya infraredi, chageuza ukuta wa kawaida kuwa ubao wa kompyuta, kwa gharama ndogo sana kuliko mbao zilizokuwa zikiuzwa. Hakubuni kihisio kipya. Alijua tu kwamba jicho limo katika kifaa cha mkononi na taa yaweza kuhamishwa. Mwanafunzi anayejua jicho liko wapi na taa iko wapi ameanza kuwa mtengenezaji. Asiyejua atabaki kuwa mnunuzi.