Breki za Sydney: pedi rahisi, fundi ghali

Mwenye Toyota Corolla anayeishi Blacktown au Auburn, magharibi mwa Sydney, akipeleka gari gereji kubadilisha pedi za breki za mbele, ajiandae kutoa kati ya dola 200 na 350 za Australia. Pedi zenyewe nne mara nyingi hazifiki nusu ya pesa hiyo, kwani seti nzuri dukani ni dola 60 hadi 120. Kinachobaki ni saa ya fundi, ambayo mjini hapa ni dola mia moja na ushei, pamoja na kodi ya pango, bima, leseni na faida ya mwenye gereji.

Risiti hiyo inaeleza biashara nzima. Pedi ni kipande cha chuma kilichobandikwa mchanganyiko wa kusugulia, na viwanda vya kukitengeneza vimejaa Asia. Bei yake imeshuka kwa sababu kila mtu anaweza kuileta. Dhamana ya anayeifunga ndiyo iliyopanda bei, na Sydney imeizungushia dhamana hiyo sheria, ukaguzi na karatasi mpaka ikageuka kuwa bidhaa yenyewe.

Soko ni kubwa. Australia ina magari zaidi ya milioni 21 yaliyosajiliwa, na umri wake wa wastani ni takriban miaka 11, yaani gari la kawaida barabarani limeshatoka kwenye waranti na kuingia mikononi mwa mafundi wa mtaani. Magari mapya ya abiria yote hutoka nje. Holden ilifunga kiwanda chake cha Pagewood, kusini mwa Sydney, mwaka 1980, na Ford ikafuata kwa kufunga cha Homebush mwaka 1994. Oktoba 2017 Toyota na Holden zilizima viwanda vyao vya mwisho, Melbourne na Adelaide, na utengenezaji wa magari ya abiria nchini ukaishia hapo.

Spea, hata hivyo, hazikufa na viwanda. Biashara yake imegawanywa na minyororo michache mikubwa ya maduka. Repco inamilikiwa tangu 2013 na Genuine Parts Company ya Marekani. Bapcor ina Burson, inayouzia gereji, na Autobarn, inayouzia mwenye gari. Super Retail Group ina Supercheap Auto. Kwa upande wa gereji, Wesfarmers iliiuza Kmart Tyre and Auto kwa kampuni ya Ujerumani ya Continental mwaka 2018, na sasa inaitwa mycar. Katikati ya majitu hayo zipo gereji ndogo za watu wawili watatu kandokando ya Parramatta Road, Granville, Lidcombe na Smithfield. Hizi haziweki akiba kubwa ya spea. Fundi akishafungua tairi na kuona pedi imekwisha, anapiga simu, na gari la duka linamletea seti siku hiyohiyo, gari la mteja likiwa bado juu ya jeki.

Bado yapo majina ya nyumbani. Bendix ya Australia ina mizizi yake Ballarat, jimbo la Victoria, ilikoanza kutengeneza breki miaka ya 1950. Silverwater, mwendo mfupi kutoka Parramatta, ndiyo makao ya Disc Brakes Australia, maarufu kwa kifupi DBA, iliyonunuliwa na GUD Holdings mwaka 2018. DBA ilijijengea jina kwa diski ambazo ndani yake hewa hupita baina ya vinguzo vidogo, badala ya mapezi marefu yaliyonyooka, ili joto litoke haraka. Miongoni mwa wateja wake ni wenye pikapu za Ford Ranger na Toyota HiLux, magari yaliyoongoza mauzo ya nchi kwa miaka mingi mfululizo. Pikapu inayovuta karavani au boti inaweza kuhitaji breki nzito kuliko zile ilizotoka nazo kiwandani.

Joto ndilo kiini cha kazi hii yote. Gari la kilo 1,500 likiwa kwenye kasi ya kilomita 60 kwa saa hubeba nishati ya kilojuli 208 hivi. Likifika 110 kwa saa, kasi haijaongezeka hata mara mbili, lakini nishati imefika 700, inayotosha kuchemsha karibu lita mbili za maji. Ukikanyaga breki hadi gari lisimame, sehemu kubwa ya nishati hiyo lazima igeuke joto ndani ya sekunde chache, kwenye diski nne na vipande vinane vya pedi.

Mguu wa dereva peke yake hauwezi. Pedali husukuma pistoni ya silinda kuu, ikisaidiwa na busta. Mafuta ya breki hayabonyei, kwa hiyo msukumo huo husafiri kwenye mabomba hadi kwenye kalipa za magurudumu, ambako pistoni pana zaidi huuzidisha na kuzibana pedi kwenye diski. Silinda kuu ina njia mbili zinazojitegemea, ili bomba moja likipasuka gari lisibaki bila breki kabisa. Uzito wa gari nao huegemea mbele wakati wa kusimama, na ndiyo sababu breki za mbele hubeba zaidi ya nusu ya kazi na pedi zake huisha mapema.

Tatizo la mafuta ya breki ni kwamba hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa Mount Ousley unaoshuka kuelekea Wollongong, mafuta yaliyonyonya maji yanaweza kuchemka. Mvuke, tofauti na mafuta, hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni. Ndiyo maana kwenye risiti nyingi za Sydney, kando ya pedi, utakuta mstari wa kubadilisha mafuta ya breki, ambao kwa magari mengi huja kila baada ya miaka miwili.

Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 wa nyenzo ya kusugulia, na gereji nyingi hushauri kuibadilisha ikifika 3. Ukiitazama ubavuni utakuta mstari wa herufi na namba, na mwishoni herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Herufi ya kwanza hueleza mng'ang'anio wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto sana. E ni kiwango cha 0.25 hadi 0.35, F ni hadi 0.45, G ni hadi 0.55. Pedi ya FE, basi, hushika vizuri asubuhi na kulegea inapohitajika zaidi. Mnunuzi anayejua kusoma herufi hizo amejua jambo ambalo boksi la rangi nzuri halisemi.

Sydney ilijifunza kwa gharama kubwa kuuliza ndani ya pedi mna nini. Kwa miongo mingi jibu lilikuwa asbesto, inayostahimili moto na kupatikana kwa bei ndogo. James Hardie, kampuni iliyokuwa na kiwanda kikubwa Camellia karibu na Parramatta, ilikuwa pia na kampuni tanzu ya breki, ambayo baadaye iliitwa Amaba. Mafundi walipuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa na kulivuta, na miongo kadhaa baadaye baadhi yao walipatwa na mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu. Mwaka 2001 James Hardie iliikabidhi Amaba na mwenzake Amaca kwa mfuko wa fidia wenye dola milioni 293, kisha makao makuu ya kundi yakahamia Uholanzi. Uchunguzi wa serikali ya New South Wales ulioongozwa na wakili David Jackson mwaka 2004 ulionyesha kuwa fedha hizo zilikuwa pungufu mno. Shinikizo la wagonjwa na vyama vya wafanyakazi lilizaa mfuko mpya mwaka 2007. Asbesto yenyewe ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 31 Desemba 2003, na hadi leo mwagizaji wa pedi ndiye anayewajibika kuthibitisha forodhani kwamba mzigo wake hauna hata chembe.

Udhibiti wa biashara hii hauishii kwenye asbesto. New South Wales hutaka gari dogo lenye umri unaozidi miaka 5 likaguliwe kila mwaka kabla ya kuhuisha usajili. Victoria na Queensland hudai ukaguzi hasa gari linapouzwa. Tofauti hiyo ndogo ya sheria humpa mwenye gereji wa Sydney mteja wa uhakika: kila mwaka mamilioni ya magari hupita mbele ya mkaguzi aliyeidhinishwa, breki hupimwa, na matokeo hutumwa serikalini kwa kompyuta. Gereji yenyewe lazima iwe na leseni chini ya sheria ya mwaka 2013 inayosimamiwa na NSW Fair Trading, na anayegusa breki lazima awe na cheti cha kazi hiyo. Uanagenzi wa fundi magari huchukua miaka 4 hivi. Mafundi hawatoshi, na saa yao haishuki bei.

Kisha imekuja kompyuta. Magari mengi ya sasa yana breki ya kuegesha inayoendeshwa na mota ndogo ndani ya kalipa za nyuma. Zamani fundi alirudisha pistoni kwa zana ya mkono. Sasa lazima aunganishe kifaa na kuliamuru gari liingie hali ya matengenezo, la sivyo anaweza kuvunja mota. Kwa miaka mingi watengenezaji walibana taarifa za aina hiyo na kuwapa mawakala wao tu. Tangu tarehe 1 Julai 2022 sheria ya Australia inawalazimisha kuziuza kwa gereji huru kwa bei ya haki, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 10. Bila sheria hiyo, kubadilisha pedi za nyuma kungekuwa kunaelekea kuwa kazi ya wakala peke yake.

Kwenye malori hesabu ni kali zaidi. Tarehe 1 Oktoba 2013 tangi la mafuta la kampuni ya Cootes Transport lilipinduka na kuwaka moto Mona Vale Road, kaskazini mwa Sydney, na watu wawili wakafa. Dereva alishtakiwa, kisha akaonekana hana hatia. Ukaguzi wa malori mengine ya kampuni hiyo ulikuta kasoro tele, zikiwemo za breki, na kampuni ikapoteza mikataba. Sheria ya kitaifa ya magari mazito, iliyoanza kutumika Februari 2014, inaupeleka uwajibikaji mbali zaidi ya usukani: mwenye lori, mpakiaji na mtuma mzigo wote wanaweza kujibu mashtaka. Kwa mwenye kampuni, matengenezo ya breki yametoka kwenye fungu la gharama za kubana na kuingia kwenye fungu la bima.

Je, biashara hii ina miaka mingapi mbele? Magari ya haibridi na ya umeme hupunguza mwendo kwa kuigeuza mota kuwa jenereta, na nishati hurudi kwenye betri. Tangu 2024 Camry mpya nchini ni ya haibridi tu, na hilo ndilo gari la teksi la Sydney. Pedi zake hudumu muda mrefu kuliko za petroli tupu. Hapo mauzo ya pedi hupungua, lakini kazi nyingine huzuka: diski isiyosuguliwa hushika kutu, na pini za kalipa hukwama, hivyo zinahitaji kusafishwa na kupakwa grisi. Tangu Machi 2025 kila gari dogo jipya linaloingia sokoni linapaswa kuwa na mfumo unaoliwezesha kufunga breki lenyewe linapoona hatari, na mfumo huo hutegemea breki zilizo sawasawa. Ulaya nako, kanuni za Euro 7 zitaweka kikomo cha vumbi la breki kuanzia mwishoni mwa 2026, na California imeshapunguza shaba kwenye pedi hadi asilimia 0.5. Viwanda vya Asia vinavyouza kote vitabadili mchanganyiko wao, na mchanganyiko huo utafika Port Botany hata kama Canberra haijatunga sheria.

Utafika pia Mombasa na Dar es Salaam. Pedi zinazouzwa Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road mjini Nairobi au soko la Kisekka mjini Kampala kwa kiasi kikubwa zinatoka kwenye viwanda vilevile, na magari mengi ni ya familia ileile: Corolla na HiLux, yote ya usukani wa kulia. Kwa bidhaa, pengo baina ya masoko haya si kubwa kama watu wanavyodhani. Pengo liko kwenye kumbukumbu. Pedi ikishindwa kazi Granville, kuna risiti yenye jina la gereji, chapa ya pedi, kilomita za gari na cheti cha fundi, na mteja ana wa kumdai. Ikishindwa kazi kwenye mteremko wa Kitonga nchini Tanzania au Sachangwan nchini Kenya, mara nyingi hata aliyeifunga hajulikani.

Kuandika hayo hakuhitaji mtaji mkubwa. Mwagizaji anaweza kudai cheti cha kutokuwa na asbesto kwa kila kontena na kukihifadhi kwenye jalada. Fundi anaweza kuandika kwenye risiti chapa, herufi za ubavuni na unene wa pedi aliyoitoa. Wenye mabasi na kampuni za malori, ambao hasara yao ya siku moja hupita bei ya pedi za mwaka mzima, wangekuwa wateja wa kwanza wa gereji ya namna hiyo, na wangelipa zaidi ya bei ya sokoni bila kubembelezwa.