Mzee Akisafiri kwa Kutaka Kuona

Katika jamii yetu ya Kiislamu hapa mkoani Singida, safari ya mtu mzima aliyekwisha kustaafu imekuwa na sababu tatu tu zinazokubalika: maziko, matibabu na harusi ya mjukuu. Mzee akionekana stendi na begi lake, swali la kwanza ni: "Kuna msiba wapi?" Akijibu kwamba anakwenda kuiona nchi ya Mwenyezi Mungu, watu hutazamana. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema kuwaletea wasomaji wa kurasa hizi habari ya mzee mmoja wa jamaa ya msikiti wetu, mwalimu mstaafu aliyevuka miaka 70, ambaye safari zake zilizusha mjadala barazani na, lililo zito zaidi, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mzee huyu alianza karibu. Sisi wakazi wa mji wa Singida tunapita kando ya maziwa ya Singidani na Kindai kila siku, macho yetu yakiwa kwenye saa. Yeye alizoea, baada ya Swala ya Alfajiri, kwenda kuketi juu ya majabali yaliyo kando ya maji na kuwatazama ndege mpaka jua lipande. Kutoka hapo ndipo hamu ilipomwingia ya kwenda mbele kidogo, kisha mbele zaidi. Alipanda basi hadi Manyoni, akalala huko siku mbili, akafika Kilimatinde, mahali ambapo nchi ya juu inakatika na Bonde la Ufa linaonekana chini kama limekunjuliwa.

Katika nyanda hizo za Wagogo ndiko ilikopita misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Watemi wa Wagogo waliitoza misafara hiyo hongo, neno ambalo zama hizo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia kabla halijachukua maana mbaya tuijuayo leo. Baadhi ya habari za safari za namna hiyo ziliandikwa na Waswahili wenyewe, na Mjerumani Carl Velten akazichapisha mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Mwalimu wetu alikuwa amewafundisha watoto wa shule historia hiyo kwa miaka mingi bila kuiona njia yenyewe. Akaazimia kuifuata kinyumenyume, kutoka bara kwenda pwani.

Dodoma aliswali Ijumaa katika msikiti mkubwa uitwao Msikiti wa Gaddafi. Kutoka hapo akapanda treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai 2024. Safari iliyokuwa ikila siku nzima au usiku kucha sasa huchukua muda usiofika hata saa tano. Tulipomuuliza aliionaje, aliisifu kwa usafi na utaratibu, kisha akasema: "Inanifikisha, lakini hainisafirishi." Bagamoyo alikaa siku tatu. Alikwenda Kaole, kwenye magofu ya mji wa Waislamu wa karne nyingi zilizopita, akaona msikiti usio na paa na makaburi ya watu waliomtaja Allah (SW) kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Alituambia kwamba aliketi pale mpaka Adhuhuri, na kwamba katika umri wake hakuna darsa lililomwingia kama lile.

Kusafiri kwa kutazama na kuzingatia si jambo geni katika Uislamu. Qur'an Tukufu, katika Surat Al-Ankabut aya ya 20, inaamrisha watu watembee katika ardhi na watazame namna Allah alivyoanzisha uumbaji. Ibn Battuta alitoka kwao Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, nia yake ikiwa Hija, na safari zake zikaendelea kwa karibu miaka 30. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, na kwa sababu hiyo leo tunajua kwamba Waislamu wa pwani yetu walikuwa wakifuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwamba watu wa Mombasa walikuwa wakiosha miguu kwa maji ya kisima kabla ya kuingia msikitini. Kama mtu yule asingetazama kwa utulivu, tusingelijua hata hilo la miguu.

Hata hivyo, aliporejea nyumbani, mzee alikuta wanawe wamekutana. Mkubwa alisema: "Baba, una shinikizo la damu. Ukianguka njiani, watu watasema tumekutupa." Binti yake aliuliza kwa nini fedha hizo zisiwekwe kwa ajili ya Hija. Mdogo, ambaye ndiye anayemtumia fedha za kila mwezi, alisema wazi kwamba atapunguza, kwa kuwa hakutuma fedha za kutembelea magofu. Mzee alinyamaza. Aliyesema ni mkewe, ambaye muda wote ule alikuwa amebaki nyumbani na mbuzi na kuku. Alisema: "Ninyi mnagombana kama aende au asiende. Hakuna aliyeniuliza mimi. Na mimi nina macho."

Shauri lililetwa msikitini, na imamu wetu alilisikiliza kwa jioni mbili. Majibu yake tunayaandika kwa sababu yanafaa nyumba nyingi.

Kwanza, alisema binti ana hoja. Mwenye uwezo wa Hija na hajahiji, Hija ndiyo safari yake ya mwanzo, wala haifai kuitanguliza Bagamoyo mbele ya Makka. Lakini akiba ya mzee ilipohesabiwa mbele ya wanawe, ilionekana kwamba haifiki hata robo ya gharama. Imamu akawageukia: wanaotaka baba yao ahiji, njia iko wazi, wachange. Kumzuilia nauli ya basi hakumfikishi Makka.

Pili, aliwakumbusha wote wawili, baba na wana, Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (SAW) ameieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwani humzuilia mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake, na akausia kwamba msafiri akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Kwa hiyo kutembea kuna mpaka wake. Haja ikiisha, nyumba ina haki yake, na mke ni wa kwanza katika hao wenye haki.

Tatu, kuhusu maneno ya watu, alisema kwamba mwana anayemfungia mzazi ndani kwa kuogopa kusemwa anajitumikia mwenyewe. Wema kwa wazazi ni kuangalia kinachowafaa na kinachowafurahisha katika halali, maadamu nguvu zipo.

Siku chache baada ya hapo wazee wale walisafiri pamoja. Safari hii mke ndiye aliyechagua, naye akachagua Kondoa, alikozaliwa na ambako hakuwa amefika kwa miaka kumi na minane. Walipitia Katesh, chini ya Mlima Hanang, wakawaombea dua waliopoteza maisha katika maporomoko ya tope ya Desemba 2023, kisha Babati, kisha wakateremka kusini. Kolo waliona michoro ya kale ya mapangoni, ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini mama huyu hatuelezi sana habari za michoro. Anatueleza habari za dada yake mkubwa, ambaye alikuwa haoni tena, na ambaye alimtambua kwa kumpapasa mikono. Walikaa siku sita, wakizuru makaburi ya wazazi wao asubuhi na kusimuliana jioni. Miezi mitatu baadaye dada yule alifariki dunia. Mwaka huo mama alisafiri tena kwenda Kondoa, na safari hiyo ilikuwa ya sababu ile ya kwanza tuliyoitaja hapo juu. Alituambia kwamba alilia, lakini hakulia kwa majuto.

Kwa familia zitakazopenda kuwapa wazee wao nafasi hii, yapo mambo ya kuzingatia. Mzee alipe madeni yake, au ayaandike, na aache wasia. Achukue dawa za siku zaidi ya alizopanga, pamoja na kitambulisho na kadi ya bima. Asisafiri peke yake usiku, kwani Mtume (SAW) ametahadharisha juu ya hilo. Wawili au watatu ni bora. Apange wakati wa kupiga simu nyumbani, kwa mfano kila baada ya Magharibi, ili wana wasibaki na wasiwasi.

Katika ibada, azijue ruhusa zake. Kwa madhehebu ya Shafi, safari inayozidi kidogo kilomita 80 inaruhusu kupunguza swala za rakaa nne na kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Singida hadi Manyoni tayari ni zaidi ya hapo. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, ataswali kamili. Mwenye kuvaa khofu kwa masharti yake anaruhusiwa kupaka maji juu yake siku tatu na usiku wake, jambo lenye nafuu kubwa kwa mgongo wa mzee. Na lipo sharti moja ambalo mwalimu wetu hulirudia kwa tabasamu: wanachuoni wa Shafi wanataka msafiri awe na mahali maalumu anapokusudia. Anayezurura bila kujua aendako hapati ruhusa ya kupunguza swala. Aende taratibu apendavyo, lakini ajue anakwenda wapi.

Kamati ya msikiti wetu sasa inawaandikisha wazee wanaotaka wenzi wa safari, ili asiwepo wa kwenda peke yake. Waliojiandikisha mpaka leo ni saba, na watatu kati yao ni akina mama. Yule mwana mdogo hakupunguza fedha. Ameanza kutuma na nauli ya mama, na wote watatu wamefungua akiba ya Hija ya wazazi wao. Tunamuomba Allah (SW) aikamilishe nia yao, na awarejeshe salama wasafiri wetu wote. Wabillahi Tawfiq.