Umefunga tairi kubwa? Angalia na difu

Nawaona vijana mnaobeba viazi mkifunga tairi za inchi 35 ili gari lisinase kwenye tope. Sawa, lakini gia zote zimekuwa nzito: klachi inaungua mlimani, na spidi mita ikisoma 80 wewe uko 90.

Hesabu si ngumu. Difu ya 4.11 (meno 37 kwa 9) zidisha kwa 35, gawa kwa 31 za tairi ya zamani: 4.64. Seti za karibu ni 4.56 na 4.88. Kwa magunia mimi nachukua 4.88, injini itapiga kelele kidogo kwenye lami, poa tu. Ila fundi asikubadilishie ya nyuma peke yake! Difu mbili zisipolingana, siku ukiingiza fowili kwenye ardhi kavu kuna kitu kitakatika.