Ganda la Risasi na Sheria za Fizikia

Risasi ya bunduki ni mtambo mdogo wa kugeuza nishati. Ndani ya ganda la shaba ya manjano mna fataki na baruti, na mdomoni pamekazwa kichwa cha risasi. Fataki ikigongwa huwasha baruti, nayo baruti hugeuka gesi yenye kanieneo kubwa inayokisukuma kichwa kupitia mtutu. Je, fundi akilipanua ganda hilo, atapata faida kiasi gani?

Swali hili liliwashughulisha sana mafundi wa Marekani, ambako wakulima huwapiga kwa bunduki wanyama wadogo wa jamii ya kindi wachimbao mashimo malishoni. Shabaha ni ndogo tena iko mbali, hivyo kasi hutafutwa. Katika miaka ya 1920, majaribio yaliyofanyika Springfield, Massachusetts, yaliligeuza ganda la kale la karne ya 19 kuwa risasi iitwayo .22 Hornet, na mwaka 1930 kiwanda cha Winchester kikaanza kuitengeneza. Mwaka 1940 Lysle Kilbourn aliipanua chemba ya bunduki ya Hornet, ikazaliwa K-Hornet. Risasi za namna hii, zilizobuniwa karakanani wala si kiwandani, Wamarekani huziita "paka-mwitu".

Ganda la K-Hornet hufinyangwa na mlipuko wenyewe. Hornet ya kawaida hupigwa katika chemba iliyopanuliwa. Ukingo wa kitako chake hulishika ganda mahali pake, na gesi huzisukuma kuta mpaka ziguse chemba. Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa asilimia 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki, hukubali umbo jipya bila kupasuka. Kisha mwindaji hulitilia ganda hilo fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani, na kichwa kipya.

Sasa tupige hesabu. Kwa makadirio, ongezeko la kasi ni robo tu ya ongezeko la nafasi ndani ya ganda, kanieneo ikibaki ile ile. Tuseme nafasi imeongezwa kwa asilimia 12: kasi itapanda kwa asilimia 3, yaani kutoka mita 820 kwa sekunde hadi 845. Kwa kichwa cha gramu 2.9, nishati ya mwendo hupanda kutoka jouli 975 hadi 1,035. Tukiacha upinzani wa hewa, katika umbali wa mita 150 kichwa cha kwanza huanguka sentimita 16.4, na cha pili sentimita 15.5. Kazi yote ile imeokoa sentimita moja tu!

Hapa ndipo penye hatari. Mwindaji asiyeridhika na sentimita moja hushawishika kuongeza baruti. Lakini kanieneo hupanda upesi kuliko kasi, na jicho halioni kanieneo. Ganda linaponata chembani, shaba imekwisha kupita kikomo cha unyumbufu wake, onyo limechelewa. Isitoshe, ganda ni kizibo tu: kinachoizuia gesi isimrukie mpigaji usoni ni chuma cha bunduki, na umbo jipya la ganda halikukiongezea chuma hicho nguvu hata kidogo.

Mwanafunzi na arudie hesabu hii kwa mita 300, aone tofauti ya mwanguko inaongezeka mara ngapi, na aeleze sababu.