Jiwe la Ilesi na Mpaka wa Jirani



Kila asafiriye kutoka Kisumu kwenda Kakamega, kabla hajaingia mjini, huliona Jiwe Liliao pale Ilesi. Ni mwamba uliosimama wima, kama mita 40 kwenda juu, na juu yake limekaa jiwe jingine kubwa, mfano wa kichwa juu ya mabega. Wenyeji huliita Ikhongo Murwi. Maji huchuruzika kutoka juu, nao mwamba huonekana kama uso wa mtu aliaye. Watoto wakiuona kutoka dirishani mwa gari huuliza mara moja, "Jiwe hili lalia nini?"

Sisi wakubwa hujibu upesi kwamba ni maji ya mvua, nayo ni kweli. Lakini tukumbuke Yoshua baada ya kuvuka Yordani. Aliagiza mawe kumi na mawili yasimamishwe, ili watoto watakapouliza, wazazi wawasimulie yaliyotendeka pale. Jiwe halina kinywa. Wenye kinywa ni sisi tukaao karibu nalo.

Basi leo twawasimulia jambo moja lililotendeka katika nchi hii ya jiwe liliao.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitunga sheria juu ya ardhi waliyotengewa Waafrika wa Kenya. Sheria iliahidi kwamba ardhi hiyo itakuwa yao milele. Ikiwa sehemu itatwaliwa kwa kazi ya umma, watapewa ardhi nyingine ya kadiri ile ile, na baraza lao litaulizwa kwanza. Wazee wakalishika neno hilo.

Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Siku zile biashara ilikuwa imeanguka ulimwenguni kote, na bei za mazao zilikuwa duni. Kwa hiyo Wazungu wengi walikuja mbio kutafuta mali. Dhahabu ilikuwa chini ya mashamba ya watu, na sheria ikawa kizuizi. Basi Desemba 1932 sheria ikageuzwa. Haikuwa lazima tena kutoa ardhi badala ya ardhi, wala kuliuliza baraza. Fedha zilitosha. Ahadi ya milele haikumaliza miaka mitatu.

Wako waliokataa kunyamaza. Mmoja wao alikuwa Arkidikoni Walter Edwin Owen wa Kanisa letu, na manung'uniko yakafika hata katika Bunge la Uingereza. Lakini sheria ilikuwa imekwisha kupita. Machimbo ya Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, yalifanya kazi hata mwaka 1952, ndipo kampuni ikafunga. Jina likabaki, na mashimo yakabaki. Hata leo wako ndugu zetu wanaoshuka chini kwa kamba na nyundo kutafuta mabaki, na akina mama wanaoponda mawe wapate chakula cha watoto.

Someni 1 Wafalme sura ya 21, habari za Nabothi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, akamwambia achague: apewe shamba lingine lililo bora, au alipwe fedha. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Tazameni jambo hili. Hata Ahabu, mfalme mwovu, alianza kwa kutaja shamba badala ya shamba, na alimwuliza mwenyewe. Sheria ya 1932 iliyaondoa yote mawili.

Ni rahisi kuwahukumu Wazungu wa miaka ile. Lakini wapenzi, Mithali 22:28 inayotukataza kuondoa alama ya mpaka iliyowekwa na baba zetu haikuandikiwa wakoloni peke yao. Msimu wa kulima ukifika, ni nani anayesogeza mimea ya mpaka hatua moja kuingia kwa jirani? Ndugu akifa, ni nani anayemwambia mjane kwamba shamba lile aliazimwa tu? Marehemu alisema mbele ya mashahidi, "Hapa ni pa mke wangu na watoto." Nalo lilikuwa neno la milele. Je, limemaliza miaka mitatu?

Mpaka hauzuiwi na jiwe wala mmea, maana vyote viwili vyang'oka. Mpaka huzuiwa na neno la watu wanaoliheshimu hata pale dhahabu inapoonekana chini yake.

Kwa hiyo, mtoto akiuliza juu ya jiwe la Ilesi, tumweleze habari za mvua. Kisha tumsimulie na ile ahadi ya 1930. Na kabla hatujashika jembe msimu huu, twende na jirani tukautazame mpaka wetu pamoja, mchana, wazee wakiwapo. Na kama tumeuvuka, turudi.

Mungu atupe mioyo ya kulitunza neno tulilolitoa. Amina.