Papingo, kijiji kilichojengwa na walioondoka

Anayeijua Ugiriki kwa picha za visiwa na kuta nyeupe hatoitambua Papingo. Iko Zagori, milima ya Epirus kaskazini-magharibi mwa nchi, karibu na mpaka wa Albania. Barabara kutoka mji wa Ioannina hupita Aristi, huteremka hadi mto Voidomatis wenye maji ya kijani angavu, kisha hupanda kona baada ya kona. Juu kuna vijiji viwili, Megalo Papingo na Mikro Papingo, yaani Kubwa na Ndogo. Nyumba ni za mawe ya kijivu, na hata mapaa yameezekwa kwa mabamba ya mawe. Nyuma yake imesimama miamba ya Astraka, mirefu mno hata mnara wa kanisa unaonekana kama kitu cha mchezo.

Fedha za kujenga uzuri huu hazikutoka shambani, maana ardhi ni jiwe tupu. Enzi za dola ya Uthmania, vijiji 46 vya Zagori vililipa kodi na kuachiwa kujitawala. Wanaume walikwenda kufanya biashara Istanbul, Romania na Misri, wakaacha nyumba mikononi mwa wanawake. Waliofanikiwa walijenga shule, makanisa na madaraja ya matao ya kupitisha misafara ya nyumbu. Daraja la Kokkoros ni la mwaka 1750. Lile la Plakida, lenye matao matatu, ni la 1814. Yote mawili yako karibu na kijiji cha Kipi, na bado yanapitika.

Kilichonivutia zaidi ni misitu. Juu ya vijiji vingi, miti iliyozuia maporomoko iliwekwa wakfu. Aliyeikata alijitakia laana ya kanisa. Mwenyeji wa pwani ya Kenya atazikumbuka kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946–1949, watu waliondoka tena, safari hii kwenda Athens na Ujerumani, na wengi hawakurudi. Leo nyumba kadhaa za Papingo ni za kulaza wageni. Sheria inataka majengo mapya yafuate mtindo wa mawe, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza Zagori katika Urithi wa Dunia. Sura ya kijiji imesalimika, ingawa kijana asiye na fedha sijui atajengaje hapo.

Wageni huja kwa ajili ya korongo la Vikos na njia ya kupanda Drakolimni, Ziwa la Joka, lililo kama mita 2,050 juu ya usawa wa bahari. Hadithi husema joka wa ziwa hili na yule wa mlima Smolikas walirushiana mawe na misonobari. Wanaoishi majini humo ni viumbe wadogo wa jamii ya salamanda. Ukishuka na njaa, agiza alevropita, pai nyembamba ya unga, mayai na jibini, iliwayo ikiwa moto.