Kivuko cha Barabara Juu ya Reli Iliyopinda

Miongoni mwa kazi za wajenzi wa reli ndogo za mfano, chache huumbua fundi kama kivuko, yaani mahali ambapo barabara hukatiza reli kwa usawa mmoja, hasa kivuko hicho kikiwa kwenye kona. Mashariki mwa Kongo hakuna treni ya abiria inayofika kijiji cha Kibua wala kwingineko katika maeneo ya Masisi na Walikale. Kwa hiyo fundi wa huko anayetaka kuiga reli ya mashariki mwa nchi huelekeza macho kusini, kwenye njia ya Kindu hadi Kalemie, iliyojengwa kwa upana wa milimita 1,000 na kupanuliwa hadi 1,067 katika miaka ya 1950. Upana huo, ambao hupimwa kati ya nyuso za ndani za reli mbili na kuitwa geji, ukigawanywa kwa 64 hukaribia milimita 16.5, geji ya reli ya mfano inayopatikana kwa wingi zaidi madukani ulimwenguni, na ndiyo maana wajenzi wa New Zealand, ambako reli halisi zina geji hiyohiyo ya 1,067, wamezoea kipimo cha 1 kwa 64.

Ugumu wa kona hutokana na gurudumu lenyewe, ambalo lina ukingo unaoshuka upande wa ndani wa reli ili lisiteleze nje, kwa hiyo mbao za kivuko, zinazolazwa kati ya reli, hazina budi kuuachia ukingo huo pengo ambalo katika mfano halizidi sana milimita 2. Ubao ulionyooka wenye urefu wa milimita 100, ukiwekwa kwenye kona ya nusu kipenyo cha milimita 450, huachana na mpindo wa reli kwa karibu milimita 2.8, na hivyo ukipangwa ili katikati yake iache pengo sahihi kando ya reli ya nje, ncha zake zitapanda juu ya reli na treni itaanguka. Ubao wa milimita 40 huachana na mpindo kwa chini ya nusu milimita tu, na kwa kuwa urefu huo ni sawa na takriban mita 2.6 za ubao halisi, mbao fupi zilizopangwa moja baada ya nyingine huwa salama na pia huvutia zaidi kuliko kipande kimoja kilichokatwa kwa mviringo. Umbo la kona la kufuata wakati wa kuzipanga hupatikana kwa kutandika karatasi juu ya reli na kuisugua kwa ubavu wa penseli. Vipande vya mwanzi au mkaratusi, ambavyo katika milima ya Masisi havinunuliwi kwa bei kubwa, hufaa kwa mbao hizo kuliko bati, kwa sababu umeme wa treni hupita katika reli zote mbili na chuma kikizigusa kwa pamoja husababisha shoti.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni mwinamo. Katika kona halisi reli ya nje huinuliwa kidogo ili treni isielemee upande wa nje, na milimita 1 ya kuinua katika mfano huu ni sawa na milimita 64 za kweli. Mbao zinapaswa kulala kwa mwinamo huohuo, zikiwa chini kidogo ya uso wa reli, kwani mbao zilizolazwa kwa usawa wa maji zitakuwa juu ya reli ya ndani na kukwaruza tumbo la kichwa cha treni. Barabara nayo hulazimika kupanda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kasoro ambayo dereva wa lori huitambua kwa mgongo wake, na ambayo, pamoja na dereva wa treni kutoona mbali kwenye kona, huwafanya wahandisi waepuke vivuko vya namna hii wanapoweza.

Nguzo na mabango husimikwa mwisho, baada ya behewa refu kuliko yote kusukumwa polepole kwa mkono, kwa kuwa kwenye kona ncha zake hutokeza nje na tumbo lake huingia ndani. Chukudu, yaani skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye urefu wa mita 2, ikiwekwa barabarani kama pambo, itakuwa na urefu wa milimita 31, nayo isiegeshwe ndani ya eneo linalopitiwa na behewa hilo.